Muulize Ami Karani: mtaro wa nani, na ile X nyekundu ukutani

Assalaam aleikum wasomaji wangu. Masika yamepita, nikadhani barua za mitaro nazo zitapita, kumbe ndo kwanza zimeanza, bahasha juu ya bahasha na wengine wananitumia kwa simu, na karibu zote mwezi huu zinauliza jambo moja kwa sura tofauti, yaani hili ni la nani, la sheha, yule mtu wa serikali wa mtaani, la baraza la mji au la mwenyewe. Kwa wageni wa ukurasa huu, mie nilikuwa karani wa masjala kwenye baraza moja la mji hapa Pemba, miaka mingi tu, nishastaafu, saivi baraza langu ni hili la saruji mbele ya nyumba, nakaa na kahawa yangu na tende nasoma barua zenu. Majina ya mitaa nimeyaondoa yote mana miji yetu midogo, ukitaja tu nyumba ya geti la kijani karibu na mwembe basi hata mbuzi wa pale ashajulikana.

Ami Karani, mbele ya nyumba yetu kuna mtaro, umejaa pampasi, vifuu vya nazi na mifuko hadi hauonekani. Mvua ikinyesha maji yanaingia ukumbini. Nilikwenda kwa sheha akanambia nenda baraza, baraza wakanambia mtaro ule wa wakala wa barabara, wakala wakanambia wao uchafu si kazi yao. Nimekwenda mara tatu, nauli imekwisha na maji bado yanaingia. Mtaro wa nani? (Mama Pampasi si Zangu)

Waaleikum salaam bi mkubwa, na pole sana, umepigwa danadana na walokupiga kila mmoja kasema kweli kidogo, ndo mana inachosha.

Tuanze na mtaro wenyewe. Kama mbele ya nyumba yenu ni barabara kuu, ile inayotoka mji hadi mji, mfano Chake kwenda Wete au Chake kwenda Mkoani, basi barabara na mtaro wake viko chini ya Wakala wa Barabara. Kuta zikibomoka, au mtaro mdogo haubebi maji, hiyo ya wakala. Kama ni njia ya ndani ya mtaa, ya baraza. Lakini wewe hukusema mtaro umevunjika, umesema umejaa pampasi, na taka bi mkubwa ni za baraza, ziwe mtaroni, ziwe sokoni, ziwe chini ya mkungu. Sheria namba 7 ya 2014 ndo ilosimamisha serikali zetu za mitaa kwa sura hii tulonayo, na kuuweka mji safi ni katika kazi za mwanzo kabisa za baraza. Kwa hiyo alokujibu pale dirishani kakujibu swali ambalo hukuuliza.

Sasa ntakwambia siri ya ndani, na hapa najisema mwenyewe. Mtu akija pale masjala akasimama akalalamika kwa mdomo, hata alie, akishaondoka hakuna kilichobaki. Mie nilikuwa nakaa pale, mama anaeleza maji yameingia hadi chini ya kitanda, namwambia pole mama tutalishughulikia, na namwonea huruma kweli walla, kisha naagiza chai. Nimfikishie nini mkurugenzi? Sina karatasi. Ofisi haina masikio, ina mafaili tu. Barua ikiingia hadithi inageuka kabisa, inapigwa muhuri wa kupokelewa, inapewa namba, inatiwa kwenye jalada, inapelekwa kwa mkurugenzi, naye anaandika pembeni kwa peni, mkuu wa usafi shughulikia, anatia sahihi na tarehe, sasa yule mkuu wa usafi ana deni. Siku ya kuulizwa ataulizwa kwa namba ya barua.

Basi ukienda mara ya nne usiende na maneno. Andika karatasi moja, si tatu, watu wakiandika tatu zile mbili za nyuma hazisomwi. Iende kwa Mkurugenzi wa Baraza la Mji, nakala kwa sheha wako na kwa diwani wa wadi yako. Sema mtaro uko wapi, umeziba tangu lini, nyumba ngapi zinaingia maji, na unataka nini, sema tu naomba mtaro uzolewe taka. Usianze na historia ya ukoo. Watie sahihi na majirani wawili watatu, mana barua ya mtu mmoja inaonekana ugomvi wa jirani na jirani, ya watu saba inaonekana mtaa. Chukua nakala mbili, moja waache, moja wapige muhuri wa kupokelewa uondoke nayo. Huo muhuri usitoke bila yake, wakikwambia aliyenao kenda kusali msubiri arudi.

Gari la taka nalo nilisemee, si kuwatetea. Baraza la mji mdogo halina magari kumi, gari moja likilala gereji mtaa mzima unajua, na kifaa kinasubiri boti. Kwa hiyo usiandike masika yakishachachamaa, kila mtu anaandika wakati ule na gari ni lile lile. Andika kiangazi. Na kama unataka kitu kikubwa zaidi, mfano mtaro upanuliwe au wajengewe mfuniko, ujue mwaka wa fedha wa serikali unaanza Julai na bajeti inapikwa miezi kadhaa kabla, ukileta ombi Julai chungu kishaepuliwa.

Halafu tusifanye mzaha na mitaro. Nani kasahau kipindupindu kilichoanza 2015 kikaingia hadi 2016, ikafika serikali ikapiga marufuku kuuza vyakula na juisi za nje, watu waliokuwa wanaishi kwa sinia la maandazi wakakaa nyumbani. Ilikuwa Unguja na Pemba. Kinapita kwenye maji hayo hayo yanayopita juu ya pampasi hizo hizo.

Kuhusu mifuko ya plastiki, sie Zanzibar tuliipiga marufuku tangu 2006, Bara wakafuata 2019, tulitangulia kwa miaka kumi na zaidi na bado mtaro wako umejaa mifuko, hapo sina la kumlaumu mkurugenzi peke yake. Jina ulojipa nimelipenda. Lakini mwenye pampasi anajulikana mtaani, mtoto mdogo yuko nyumba gani na nani anatoka na mfuko alfajiri. Sheha anaweza kumwita. Hilo ndo la sheha.

Ami mie kijana, nimemaliza skuli kazi hakuna, nataka kukaanga chipsi na mishikaki jioni pale njia panda ya mtaani kwetu. Mmoja kanambia nikate leseni, mwengine kanambia anza tu watakufata wenyewe. Nifate lipi? Na pale wenzangu wanaouza wanatoa elfu moja moja kila siku kwa mtu anayepita na daftari, risiti hatoi. (Mkaanga Chipsi Mtarajiwa)

Mwanangu, kuanza tu watakufata wenyewe ndo njia ya watu wengi, na wanafatwa kweli, siku karai limejaa mafuta ya moto na wateja wamepanga foleni. Sikushauri.

Anza kwa sheha, akuandikie kwamba wewe mkaazi wa shehia yake na pale unapotaka kukaa hapana ugomvi. Hii wengi wanaiona usumbufu lakini ndo inayokulinda siku jirani akija juu kwa moshi. Ukitoka hapo nenda baraza, kitengo cha biashara, utajaza fomu ya leseni. Kwa vile ni chakula utakutana na bwana afya, atataka ukapimwe afya wewe na yeyote atakayeshika chakula, na atakuja kuangalia pahala penyewe, maji ya kunawa yako wapi, taka zako zinakwenda wapi, kabati ya kufunikia chipsi unayo au inzi ndo wataonja mwanzo. Usimfanye adui bwana afya, mtilie hata kiti. Leseni utaitundika pale wazi. Siku ukitaka jina la biashara na kibao cha maana, usajili wa jina uko kwa BPRA, wakala wa usajili wa biashara, si baraza, na kodi za serikali kuu ni ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar, lakini kwa karai moja usijitishe na yote hayo siku moja.

Njia panda sasa. Hapo mie na wewe tunaweza kukosana. Njia panda ni pahala pa biashara nzuri sana na pahala pabaya sana, gari na vespa zinakata kona na watoto wanatoka chuo cha Kurani magharibi. Baraza wakikwambia rudi nyuma hatua kumi, rudi. Chipsi zina harufu, wateja watakufata.

La elfu moja. Baraza lina haki ya kutoza ushuru, ndo linavyoishi, hilo na ruzuku ya serikali. Ushuru wa soko, ada ya usafi, leseni, zote zimeandikwa kwenye sheria ndogo za baraza na kiwango chake, na una haki ya kuomba uoneshwe hicho kiwango. Siku hizi malipo ya serikali yamehamia kwenye namba ya malipo, ZanMalipo, unapewa namba unalipa kwa simu au benki na ujumbe unabaki kwenye simu yako, au mkusanyaji awe na mashine inayotoa risiti hapo hapo. Mtu wa daftari bila risiti hajachukua ushuru, kachukua zawadi. Msimpige wala msimtukane, mana huenda ni mtu wa baraza kweli na mashine imeharibika, huenda si mtu wa baraza kabisa. Mwambieni kwa upole, ami tupe risiti, na mmoja wenu aende ofisi ya mapato akaulize jina lake kama lipo. Nimeona mambo hayo kwa macho yangu zamani, mtu alikusanya sokoni wiki mbili nzima na baraza halimjui, na alikuwa na kofia nzuri tu na kalamu sikioni, nani angemshuku.

Mbuzi wa jirani wamemaliza mchicha wangu wote na majani ya muhogo. Nikimwambia anasema tia ua. Mjini nitie ua wa mbuzi wa mtu? (Nimechoka)

Yeye ndo atie kamba. Ndani ya mji mfugo hauachiwi kuzurura, sheria ndogo za mabaraza zinakataza, na mnyama akikamatwa anafungwa na mwenyewe anakwenda kumkomboa kwa faini, akichelewa na gharama ya kumlisha juu yake. Wewe usimkamate ukamfunga kwako, mbuzi akifa usiku mmoja kesi inageuka. Ukiwaona tena chukua picha kwa simu, mpelekee sheha, awaite nyote wawili. Kesi nane kati ya kumi za mbuzi nilizoziona zinaishia kwa sheha kwa mwenye mbuzi kulipa mche wa mchicha na kutoa maziwa, au kuapa tu. Mwenye ng'ombe mgumu zaidi, sijui kwa nini, labda kwa sababu ng'ombe mkubwa na mwenyewe anajiona mkubwa.

Mzee, nimekaa Dar miaka sita nimerudi nyumbani Pemba. Kule tulikuwa tunamchagua mwenyekiti wa mtaa. Hapa naona sheha, diwani, mwakilishi, mbunge, mkuu wa wilaya, mkurugenzi, sijui nani anafanya nini. Na je naruhusiwa kwenda kusikiliza kikao cha baraza? (Mrudi Kwao)

Karibu nyumbani. Huko ulikotoka na hapa ni serikali za mitaa za aina mbili, usizichanganye.

Sheha hachaguliwi kwa kura. Anateuliwa na Mkuu wa Mkoa kwa ushauri wa Mkuu wa Wilaya, ni mtu wa serikali aliye karibu yako kuliko wote, ana daftari la wakaazi, ana wazee wa kumshauri, anajua nani kahamia na nani kazaa. Yeye yuko upande wa mkoa na wilaya, sheria yake ni namba 8 ya 2014, ile nilotaja kule juu namba 7 ni ya mabaraza. Zilipita mwaka mmoja na watu wanazichanganya hata maofisini.

Diwani unamchagua. Siku ya uchaguzi mkuu sie Zanzibar tunapiga kura tano, Rais wa Muungano, Rais wa Zanzibar, mbunge, mwakilishi na diwani, na hiyo ya diwani ndo watu wanaitumbukiza wanakimbilia nyumbani bila kumjua waliyemchagua. Kisha maji yakiingia ukumbini wanamtafuta mbunge yuko Dodoma. Mbunge atakusaidia nini na mtaro? Mwakilishi yuko Chukwani kwenye Baraza la Wawakilishi anatunga sheria za Zanzibar, wema wake akikununulia bati la skuli ni wema wake. Diwani wa wadi yako, na wadi inabeba shehia kadhaa, ndo mwenye kiti kwenye baraza linalopanga gari la taka lipite wapi na ushuru wa soko uwe kiasi gani. Madiwani ndo wanaotunga zile sheria ndogo, kisha zinakwenda kwa Waziri azikubali. Mbali ya wale wa kuchaguliwa wapo na wa kuteuliwa. Wanamchagua mwenyekiti wao. Kwenye manispaa kama Mjini kule Unguja utasikia Meya, kwetu miji midogo ni mwenyekiti.

Mkurugenzi si mwanasiasa, ni mtumishi wa serikali, yeye na wakuu wake wa vitengo ndo wanaofanya kazi ya kila siku, kusaini hundi, kupeleka gari, kuajiri wafagiaji. Diwani anasema nini kifanyike, mkurugenzi anasema pesa ipo au haipo. Hapo katikati ndo siasa yote ya mji mdogo inapokaa, na mie nilikuwa naandika kumbukumbu za vikao nimeziona pande zote mbili zikiwa na haki kwa wakati mmoja. Kuna kikao mmoja wa madiwani aliomba taa tatu za barabarani kwa wadi yake vikao vinne mfululizo, jibu lile lile, fedha hazijaruhusu, kikao cha tano akaja na balbu moja mfukoni akaiweka mezani kimya. Taa mbili zilitoka.

Hapa Pemba tuna mabaraza ya miji matatu, Wete, Chake Chake na Mkoani, na Micheweni ni halmashauri ya wilaya. Mabaraza haya kwa muundo wa karibuni yalirudishwa na sheria za 1995, moja ya manispaa na moja ya miji na wilaya, kisha hii ya 2014 ikazifuta zote mbili ikaziweka pamoja.

Kikao nenda. Vikao vya kawaida ni vya robo mwaka, uliza masjala tarehe, wananchi wanakaa nyuma wanasikiliza, hamsemi wala hampigi makofi. Wengi hawaji. Tuliweka viti ishirini vya wananchi na siku nyengine walokaa ni dereva wa mkurugenzi na mtu alokimbia mvua. Ukiwa na jambo lako mpe diwani kabla, wiki mbili kabla si asubuhi ya kikao, likishaingia kwenye ajenda halitoki kirahisi.

Na wewe usisahau, umerudi, nenda kwa sheha na barua ya ulikotoka uandikishwe mkaazi. ZanID yako, yaani kitambulisho cha mkaazi, bila ya sheha kukujua hutoboi. Usisubiri siku unaihitaji.

Tunamwoza binti yetu, nafasi uwani hakuna, tunataka kufunga njia usiku mmoja tutie turubali na muziki. Ruhusa kwa nani?

Mabruki. Sheha kwanza, yeye atakwambia muende na polisi kwa ajili ya muziki, na mwisho wa saa upo, msiubishie. Kama njia ni ya gari arifuni na baraza. Acheni upenyo gari ya wagonjwa ipite. Asubuhi fagieni sahani zenu wenyewe kabla hamjalala, ndo harusi itasifiwa.

Ami, nimeongeza ngazi na baraza la vigae mbele ya duka langu, pesa nyingi nimetia. Juzi narudi msikitini naona X nyekundu ukutani. Hakuna barua hakuna mtu. Fundi aliniambia kibali cha nini kwa ngazi tu. Sijalala tangu juzi. (Mwenye Vigae)

Pole kaka, lakini yule fundi kashachukua pesa yake, usiku analala yeye.

X peke yake si hukumu. Ni alama kwamba kuna mtu kapima na kaona umetoka nje ya mstari. Swali la mwanzo ni X ya nani, mana rangi nyekundu wanayo wengi. Kama ni barabara kuu huenda ni wakala wa barabara, wanalinda hifadhi ya barabara, kama ni njia ya ndani au soko huenda baraza. Nenda kote kuwili, uliza, na popote watakapokubali kwamba X ni yao omba notisi ya maandishi, inayosema umekosa nini, kwa sheria gani na una siku ngapi. Usianze kulia wala kutoa bahasha. Ukitoa bahasha ndo umekiri.

Kisha kusanya karatasi zako. Ardhi ya Zanzibar yote ni ya serikali tangu baada ya Mapinduzi ya 1964, tulonayo sie ni haki ya kuitumia, na sheria ya 1992 ya ardhi imeliweka hilo wazi, kwa hiyo hoja ya hapa ni kwa babu yangu ukiipeleka peke yake haitoshi, hata wale waliopewa na serikali eka tatu tatu walipewa walime. Tafuta hati au karatasi yoyote ya kiwanja, kibali cha ujenzi wa nyumba yenyewe kama kipo, na mchoro. Huenda mchoro unaonesha kiwanja chako kinafika pale pale ulipojenga na mpimaji kakosea, imewahi kutokea. Na kama nyumba ilikuwepo kabla ya barabara kupanuliwa, hilo nalo lina maneno yake, fidia na kadhalika, litaje mapema na kwa maandishi.

Ila kama ukuta uko ndani na ngazi pekee ndo iko nje, ntakwambia kama ndugu, vunja mwenyewe. Fundi wako atatoa vigae kimoja kimoja utavitumia pengine. Wakija wao na nyundo hakuna kigae kitakachopona, na gharama wanaweza kukudai wewe. Hili baraza langu ninalokaa nikisoma barua zenu lilikuwa pana zaidi, nilikata futi moja na nusu kwa mikono yangu mana lilikuwa linabana njia ya maji, na nilikuwa karani wa baraza wakati huo, fikiria, kila asubuhi nilikuwa napitisha barua za watu walotoka nje ya mstari kisha jioni narudi kukaa nje ya mstari. Mke wangu ndo alonambia. Mgongo sasa unagusa mlango nikiegemea lakini nalala.

Mara nyengine kabla ya kumwaga hata karai moja la zege, barua ya sheha, mchoro, karatasi ya kiwanja, kisha baraza kwa kibali. Ngazi nayo ni ujenzi.

Msimu umefika, jirani yetu kaanika karafuu njia nzima, hata baskeli haipiti. Niende baraza? (Nazunguka Msikitini)

Nenda ukitaka, njia ni ya baraza na kuifunga bila ruhusa ni kosa, hilo halina ubishi. Lakini wewe Mpemba kama mie. Wakati wa msimu ni ofisa gani atakwenda kumwambia mtu ondoa karafuu? Ofisa mwenyewe kaanika kwao. Mtoto skuli, bati, deni la dukani, vyote viko juu ya jamvi lile. Mie nilipokea barua mbili za karafuu njiani katika utumishi wangu wote, zote mbili nikazipeleka juu kwa adabu na muhuri, zote mbili zikarudi na maandishi yale yale pembeni kwa peni ya bluu, subiri msimu uishe.

Kwa hiyo acha baraza. Mwambie jirani yako kwamba ZSTC, lile shirika la biashara la serikali, ndo mnunuzi peke yake na wanazitazama karafuu kwa daraja, zilizoanikwa chini kwenye njia zina mchanga na kinyesi cha mbuzi wa yule jirani wa barua ya tatu, zinashuka daraja na bei inashuka nayo. Za kwenye jamvi safi zinapanda. Mwambie hivyo kwa sauti ya kumwonea huruma, si ya kulalamika, na kama unalo jamvi la ziada mkopeshe. Kesho yake utapita na baskeli.